Homoni za Mimea: Mwongozo Kamili wa Kuzitumia Shambani, Kitaluni na Ghalani

Mkulima anayekata ncha za mnavu ili utoe matawi, mama anayevundika ndizi ndani ya pipa, na mwenye kitalu anayechovya vipandikizi katika unga mweupe kabla ya kuvipanda, wote watatu wanafanya kazi ya aina moja: wanapunguza au kuongeza homoni mahali fulani ndani ya mmea. Tofauti yao ni kwamba huyo wa mwisho ameinunua dukani. Maduka ya pembejeo siku hizi yamejaa chupa zinazoahidi mizizi mingi, maua mengi na matunda makubwa, ilhali sehemu kubwa ya ahadi hizo mkulima anaweza kuitimiza kwa kisu, kivuli na kifuniko, mradi ajue ni homoni ipi inatengenezwa wapi, inasafiri kuelekea wapi na inafanya nini ikifika. Chupa nayo ina mahali pake, na mahali hapo pataelezwa, lakini itanguliwe na ujuzi.

Kila homoni inakotoka na inakokwenda

Homoni si mbolea, na kuvichanganya viwili hivi ndiko kunakoleta hasara nyingi. Mbolea hupimwa kwa kilo kwa sababu mmea huitumia kujenga mwili wake. Homoni hupimwa kwa miligramu kwa sababu mmea huipokea kama ishara tu, na ishara ikizidi haiongezi faida bali huleta matokeo mengine kabisa. Homoni iitwayo oksini, inayootesha mizizi ikiwa kidogo, huizuia isirefuke ikizidi, na ikizidi mno huua mmea mzima, jambo ambalo watengenezaji wa viuagugu wamelitumia tangu miaka ya 1940.

Oksini ndiyo iliyotangulia kuchunguzwa. Charles Darwin na mwanawe Francis walieleza mwaka 1880 kwamba mche wa nyasi hujipinda kuelekea mwanga kwenye sehemu iliyo chini ya ncha, ingawa kinachouhisi mwanga ni ncha yenyewe. Ncha ikifunikwa, mche haujipindi. Katika miaka ya 1920 Mholanzi Frits Went alikata ncha za miche ya oti, akaziweka juu ya agari, yaani jeli inayotokana na mwani, kwa muda, kisha akaiweka agari hiyo peke yake juu ya miche iliyokatwa ncha, upande mmoja tu, nayo ikajipinda kana kwamba ncha bado ipo. Oksini hutengenezwa zaidi katika ncha na majani machanga, na ndani ya shina husafirishwa kutoka kileleni kwenda mizizini. Mwelekeo huo umejengwa ndani ya seli zenyewe, kwa hiyo hata kipande cha shina kikigeuzwa kichwa chini oksini huendelea kwenda kule ambako hapo awali kulikuwa chini. Hii ndiyo sababu ya kuangalia macho ya pingili ya muhogo yameelekea wapi kabla ya kuifukia: ikipandwa kichwa chini, machipukizi huchelewa na mizizi hutokea upande usiotakiwa.

Saitokinini hutengenezwa kwa wingi katika ncha za mizizi na kupanda juu pamoja na maji. Huzifanya seli zigawanyike, huamsha macho yaliyolala, na huchelewesha majani kuzeeka. Jiberelini hurefusha shina na kuamsha mbegu; ilijulikana kupitia ugonjwa wa mpunga, pale Mjapani Eiichi Kurosawa, akifanya kazi Taiwan, alipoonyesha mwaka 1926 kwamba miche inayorefuka ovyo na kuanguka imelishwa kemikali na kuvu. Ngano fupi zilizompa mtaalamu wa mbegu Norman Borlaug sifa, na mpunga wa IR8 uliotolewa mwaka 1966, zinahusu homoni hiyo hiyo kwa upande wa pili: ngano ile haiitikii jiberelini ipasavyo, na mpunga ule hauitengenezi vya kutosha, hivyo mashina hubaki mafupi na yana nguvu ya kubeba masuke mazito yaliyolishwa mbolea.

Asidi abisisiki ni homoni ya kusitisha: huifanya mbegu ilale, na hufunga vitundu vya majani wakati wa ukame. Ethilini ni gesi, hutoka kwenye tunda linaloiva, jani lililojeruhiwa au mzizi uliozama majini, na kwa kuwa ni gesi haijali mipaka ya mmea. Humfikia na jirani. Ziko nyingine, kama strigolaktoni ambazo zitarudi mbele kwa sababu ya gugu liitwalo kiduha, pamoja na brasinosteroidi na jasmoneti ambazo mkulima wa kawaida hana haja ya kuzishughulikia moja kwa moja.

Kinachopaswa kukaa akilini ni uwiano. Mwaka 1957 Folke Skoog na Carlos Miller walionyesha kwamba kipande cha tishu ya tumbaku kikiwekwa kwenye chakula chenye oksini nyingi na saitokinini kidogo hutoa mizizi, kikiwekwa penye saitokinini nyingi na oksini kidogo hutoa machipukizi, na viwili hivyo vikikaribiana huwa bonge la seli lisilo na umbo. Maabara zinazozalisha miche ya migomba kwa njia ya tishu hufanya kazi kwa kanuni hiyo hadi leo. Shambani hakuna anayepima uwiano kwa mizani, lakini kila mkato wa kisu unaubadilisha.

Kukata ncha: kazi ya kwanza na rahisi kuliko zote

Ncha ya shina inapokuwa hai, oksini inayoshuka kutoka humo huyafanya macho ya pembeni yabaki yamelala. Kenneth Thimann na Skoog walilithibitisha hilo katika miaka ya 1930 kwa kukata ncha ya mmea wa maharagwe mapana na kupaka oksini kwenye kidonda: macho yaliendelea kulala kama vile hakuna kilichokatwa. Ukikata bila kupaka chochote, oksini hupungua, sukari iliyokuwa ikienda kileleni huelekea pembeni, saitokinini huyafikia macho, nayo huamka ndani ya siku chache.

Kwa mboga za majani kama mchicha, mnavu na majani ya maboga, subiri mmea uwe na mizizi imara na majani kamili kadhaa, kisha kata ncha laini juu kidogo ya kifundo, ukiacha vifundo viwili au vitatu vyenye majani chini yake. Usikate katikati ya pingili, kwa sababu kipande kitakachobaki juu ya kifundo kitaoza bila kutoa kitu. Mwagilia na uweke samadi au mbolea ya naitrojeni wakati huo, maana macho yakiamka bila chakula hutoa vijiti vyembamba. Kwa mnavu ondoa na maua pia kila yanapotokea; mmea unaoachiwa kuzaa mbegu huanza kuyazeesha majani yake.

Kwenye nyanya zinazopanda kambani lengo ni kinyume, kwa hiyo ncha huachwa na machipukizi ya kwapani huondolewa yakiwa bado madogo ya kuvunjika kwa vidole. Wakulima wengi huyaacha hadi yawe na unene wa penseli, kisha huyakata kwa kisu kile kile kutoka mche hadi mche, na hapo ugonjwa wa mnyauko husafiri nao. Kahawa ina njia ya tatu: shina changa huinamishwa na kufungwa kwa kigingi badala ya kukatwa, na macho yaliyoko upande wa juu wa mpindo huamka, ndipo mkulima huchagua mawili au matatu yaliyosimama vizuri kuwa mashina mapya. Mche uliopindwa hupoteza mamlaka ya ncha bila kupoteza majani yake, na kwa maoni yangu ni njia bora kuliko kukata mahali ambapo miche ni dhaifu au mvua hazitabiriki.

Viazi mviringo vya mbegu hufuata kanuni hiyo hiyo ghalani. Kiazi kilichotoka kulala hutoa kwanza chipukizi moja kileleni, nalo huyazuia mengine. Kikipandwa hivyo hutoa shina moja na viazi vichache vikubwa. Livunje chipukizi hilo la kwanza kwa mkono, kisha tandaza viazi katika tabaka moja au mawili kwenye chanja, mahali penye mwanga hafifu na hewa, hadi vitoe machipukizi mengi mafupi, manene na yenye rangi. Mwanga huo ndio unaoyazuia yasirefuke. Viazi vilivyokaa gizani hutoa nyuzi ndefu nyeupe zinazokatika kabla ya kufika shambani.

Migomba: kuvuna miche mingi kwenye tunguu moja

Mgomba una macho mengi kwenye tunguu lake, yaani kile kitako kinene kilicho chini ya ardhi, lakini mengi hubaki yamelala kwa sababu ya ncha moja iliyofichika katikati ya maganda. Njia ifuatayo inaondoa ncha hiyo na kuyaamsha macho kwa pamoja, na haihitaji homoni ya dukani hata tone.

Chagua chipukizi lenye majani membamba kama upanga, kutoka shina lililozaa mkungu mzuri na lisilo na dalili ya mnyauko wa migomba. Shamba lenye mnyauko lisitoe mbegu kabisa, hata kwa chipukizi linaloonekana zima. Lichimbe, kata mizizi yote, kisha menya tunguu kwa kisu kikali mpaka uone nyama nyeupe tupu. Ukikuta mashimo au vijia vyeusi vya fukuzi, endelea kumenya hadi viishe au litupe. Tumbukiza tunguu lililomenywa katika maji yanayochemka kwa sekunde 30 ili kuua minyoo fundo iliyobaki. Muda huo uhesabiwe kwa saa, maana ukiongezwa macho nayo huiva.

Likishapoa, anza kubandua maganda moja baada ya jingine kuanzia nje. Kila ganda likatwe kama milimita mbili juu ya mahali linapoungana na tunguu, na pale ganda linapokutana na jingine, kwenye pembe ya umbo la V, kuna jicho dogo lenye rangi ya maziwa, mara nyingi si kubwa kuliko punje ya mtama. Hapo ndipo kazi inapohitaji utulivu, kwa sababu kisu kikiteleza nusu sentimita jicho limekwenda. Endelea hadi maganda yawe yamebaki kidogo tu katikati, kisha chora alama ya msalaba kwa ncha ya kisu, ukishuka hadi ndani ya ncha ya ukuaji yenyewe. Mkato huo ndio unaokata chanzo cha oksini, na ukiwa wa juujuu ncha itapona na kuendelea kutawala.

Acha matunguu kivulini kwa siku moja au mbili vidonda vikauke. Yapange kwenye kitanda cha maranda ya mbao yaliyochemshwa au kupigwa mvuke, yafunike kwa maranda hayo hayo unene wa vidole viwili, kisha jenga juu yake banda dogo la plastiki lililo chini ya kivuli, ili ndani kuwe na joto na unyevu mwingi. Nyunyiza maji maranda yanapoanza kukauka. Yakiloa sana, matunguu huoza. Machipukizi huanza kujitokeza baada ya wiki mbili au tatu, na ukitaka mengi zaidi, yakiwa bado mafupi na manene unaweza kuyakata na kuyachora msalaba nayo, yakatoa mengine pembeni. Chipukizi likifikisha majani matatu au manne na mizizi yake yenyewe, litenge kwa kisu safi, lipande kwenye kiriba chenye udongo na samadi iliyooza, ulizoeze jua taratibu, na ulipeleke shambani likiwa na nguvu.

Vipandikizi: pale ambapo homoni ya dukani ina haki yake

Ukikata tawi, oksini iliyokuwa ikishuka kutoka kwenye majani hukwama kwenye kidonda, na mrundikano huo ndio unaoziamuru seli za karibu ziwe mizizi. Kwa marando ya viazi vitamu, pingili za muhogo na mimea mingine inayoota kwa urahisi, oksini ya asili inatosha. Chai nayo huoteshwa kwa kipandikizi chenye jani moja na kipande cha shina chini yake, katika udongo wa chini wenye asidi, na kwa kawaida haihitaji kuongezewa kitu. Homoni ya kununua inafaa kwa mimea migumu: miti mingi ya mapambo, waridi na baadhi ya miti ya matunda.

Kata vipandikizi asubuhi na mapema, kutoka matawi yaliyokua mwaka huo, yenye afya na yasiyo na maua. Mti mama uliopogolewa na kutoa matawi mapya huota vizuri kuliko matawi ya mti mzee, kwa sababu umri wa tishu una maana kubwa kuliko umri wa mti. Kila kipandikizi kiwe na vifundo viwili hadi vinne, kikatwe chini kidogo ya kifundo, majani ya chini yaondolewe na ya juu yaachwe mawili, yakiwa makubwa yakatwe nusu. Usiyaondoe yote: majani ndiyo yanayoleta oksini na sukari.

Homoni inayotumika zaidi ni asidi ya indoli-butiriki, ambayo hudumu kuliko oksini ya asili. Unga uliochanganywa na talki ni rahisi kutumia. Chota kidogo kwenye kisahani, chovya ncha ya kipandikizi iliyo na unyevunyevu, kung'uta unga uliozidi, wala usirudishe uliobaki kwenye kopo. Ukitaka maji, gramu 1 ya homoni hiyo huyeyushwa kwanza katika alkoholi, kwa sababu katika maji matupu haiyeyuki vizuri, kisha huongezwa alkoholi na maji hadi lita 1, nusu kwa nusu, nayo huwa miligramu 1,000 kwa lita. Kiasi hicho kinafaa matawi laini. Matawi yaliyoanza kukomaa huhitaji 1,000 hadi 3,000, na magumu huweza kuhitaji zaidi. Chovya sentimita 2 za chini kwa sekunde 5 tu, acha alkoholi ipepee, kisha panda. Kiasi kikizidi, kitako cha kipandikizi huvimba, huwa cheusi na huoza, na mkulima hudhani amenunua homoni mbovu.

Panda kwenye mchanga safi au mchanga uliochanganywa na maranda, katika tundu lililotobolewa kwa kijiti ili unga usifutike, kisha funika kwa plastiki na kivuli. Kipandikizi hakina mizizi ya kuvuta maji, kwa hiyo unyevu wa hewa ndio unaokiweka hai mpaka mizizi itoke. Watu wengi hupenda kuviloweka katika maji ya dafu. Maji hayo yana saitokinini nyingi, na maabara zimeyatumia kuotesha viinitete na tishu tangu miaka ya 1940, lakini saitokinini ndiyo hasa inayozuia mizizi kuanza. Kwa kuotesha mizizi, dafu bora linywewe.

Kuvundika: ethilini ndani ya pipa

Mwaka 1901 Dimitry Neljubow, akiwa St. Petersburg, aligundua kwamba miche ya njegere ndani ya maabara ilipinda na kunenepa kwa sababu ya gesi ya taa iliyokuwa ikivuja, na kwamba kilichomo ndani yake kinachofanya hivyo ni ethilini. Mwaka 1934 R. Gane akaonyesha kuwa matufaha yanayoiva huitengeneza yenyewe. Bibi zetu waliokuwa wakiingiza moshi kwenye shimo la ndizi walikuwa wakitumia gesi hiyo bila kuhitaji jina lake, kwani moshi wa kuni unayo.

Jambo la kwanza ni kujua tunda gani linavundikika. Ndizi, embe, parachichi, papai, pera, nyanya na pasheni zikishakomaa huendelea kuiva baada ya kuvunwa, na ethilini huanzisha mchakato ambao tunda huuendeleza lenyewe. Chungwa, limau, nanasi, zabibu na tikiti haziongezeki utamu baada ya kukatwa. Kuzivundika ni kuzibadilisha rangi tu, au kuziozesha.

Vuna mkungu ambao ndizi zake zimejaa na kingo zake zimeanza kupotea. Ndizi changa hata ikigeuka njano haina utamu. Tenganisha chana, zioshe utomvu kwa maji safi, zikaushe kivulini, kisha zipange ndani ya sanduku, pipa au chumba kisafi chenye majani makavu ya mgomba chini. Weka katikati pasheni au maparachichi yaliyoiva, au ndizi chache zilizotangulia. Pasheni hutoa ethilini nyingi mno kwa ukubwa wake. Funika kwa takribani saa 24, kisha fungua na uache hewa ipite. Hatua hii ya kufungua ndiyo inayosahaulika: ndizi zinazoiva hupumua kwa kasi, hewa ya kaboni dioksidi hujaa, nayo hupinga kazi ya ethilini, kwa hiyo pipa lililofungwa siku nne mfululizo hutoa ndizi zenye madoa, zilizopikika ndani na zenye harufu ya pombe.

Joto nalo ni la kuangaliwa. Vyumba vya kibiashara huweka ndizi kati ya nyuzi 14 na 18 za Selsiasi, unyevu wa asilimia 90 hadi 95, na ethilini kiasi cha sehemu 100 hadi 150 katika milioni. Chini ya nyuzi 13 ganda huwa na rangi ya kijivu lisirudi tena, kwa hiyo friji si mahali pa ndizi mbichi. Juu ya nyuzi 24 hivi, ndizi za Cavendish hulainika ndani huku ganda likibaki kijani. Ndiyo maana mjini Dar es Salaam unaweza kumenya ndizi inayoonekana mbichi ukaikuta imeiva kabisa.

Kabaidi, ile inayotumiwa na mafundi wa kuchomelea, ikikutana na unyevu hutoa asetilini, ambayo huigiza ethilini kwa udhaifu. Kabaidi ya kiwandani huwa na mabaki ya arseniki na fosforasi, na gesi yake hushika moto haraka. Nchi nyingi zimeipiga marufuku kwa matunda, na penye pasheni mbili tatu haina sababu ya kuwapo.

Ujuzi huo huo utumike kinyume ghalani na sokoni. Mboga za majani, karoti na maua ya kukata yasikae pamoja na ndizi au pasheni zinazoiva. Majani huwa ya njano na maua hupukutika kabla ya wakati.

Nanasi na maua ya wakati mmoja

Shamba la mananasi lisiloguswa huchanua kwa vipindi, na mkulima huvuna tunda moja leo na jingine baada ya wiki tatu. Ethilini huyachanuza yote pamoja. Mmea uwe umekomaa, kwa kawaida wa mwaka mmoja hivi na wenye majani 30 au zaidi. Mdogo kuliko huo utachanua, lakini tunda lake litakuwa dogo. Dawa inayotumika ni ethefoni, ambayo hutoa ethilini ikishaingia ndani ya mmea, na hupimwa kufuata lebo. Ielekezwe katikati ya moyo wa mmea, jioni sana au alfajiri, kwa sababu nanasi hufungua vitundu vya majani usiku na kuvifunga mchana. Dawa ya saa sita mchana hupotea bure. Mvua ikinyesha muda mfupi baadaye, kazi hurudiwa. Usipige shamba zima siku moja kama huna soko la kulipokea siku moja. Gawanya vitalu kwa wiki.

Mbegu na ukame

Mbegu inapolowana, kiinitete hutoa jiberelini, nayo huifanya tabaka ya nje ya punje itengeneze vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Wanaootesha ulezi kuwa kimea kwa ajili ya pombe ya mbege wanategemea hatua hiyo, na huikatiza kwa kuanika juani kabla chipukizi halijaila sukari yote. Asidi abisisiki ndiyo inayozuia mbegu isiote ikiwa bado kwenye mmea. Mahindi yaliyokomaa yakiachwa shambani mvua ikinyesha, kizuizi hicho huisha nguvu na punje huota kwenye gunzi. Vuna mapema na ukaushie nyumbani.

Homoni hiyo hiyo huitayarisha miche kwa jua kali. Siku saba hadi kumi kabla ya kuhamisha, punguza kumwagilia kidogo kidogo na uondoe kivuli kwa saa chache zaidi kila siku. Mizizi ikihisi ukavu hupeleka ishara, asidi abisisiki huongezeka majanini, na mche hujifunza kufunga vitundu vyake mapema. Mche uliobembelezwa kwa maji hadi siku ya kuhama hunyauka mchana wa kwanza.

Kiduha: mdudu asiye mdudu anayesikiliza mizizi

Mizizi ya mahindi, mtama na ulezi hutoa strigolaktoni kwenye udongo ili kuwaita kuvu wanaoisaidia kupata fosforasi, na mwaka 2008 ikathibitika kwamba ndani ya mmea kemikali hizo ni homoni inayozuia matawi. Kiduha, gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya nafaka, amejifunza kuisikiliza ishara hiyo: mbegu yake hukaa udongoni zaidi ya miaka 10 na haioti mpaka strigolaktoni iifikie.

Kutokana na hilo hatua zinafuatana zenyewe. Udongo wenye njaa ya fosforasi huifanya mizizi iite kwa sauti kubwa, kwa hiyo samadi na mbolea hupunguza kiduha mbali na kulisha mazao. Pamba, soya na baadhi ya kunde hutoa ishara bila kuweza kunyonywa, hivyo mbegu za kiduha huota na kufa. Zipandwe kwa mzunguko na nafaka. Desmodiamu ikipandwa katikati ya mistari ya mahindi, kama katika mfumo wa kusukuma na kuvuta uliokuzwa na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE huko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria nchini Kenya, mizizi yake huotesha mbegu za kiduha na pia huzuia zisijishike kwenye mahindi. Yanayobaki yang'olewe kabla ya kuchanua, kwa sababu mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu laini kama vumbi.

Ukiamua kununua chupa

Vidhibiti vya ukuaji husajiliwa pamoja na viuatilifu, Tanzania na mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu (TPHPA) na Kenya na bodi ya viuatilifu (PCPB), kwa hiyo tafuta namba ya usajili, jina la homoni yenyewe na kiwango chake. Chupa inayotaja "vichocheo asilia" bila kutaja homoni wala kiasi haikuambii unachonunua. Jaribu kwanza kwenye mistari michache, ukiacha mistari ya jirani bila dawa, yenye mbegu ile ile na mbolea ile ile. Bila mistari hiyo ya kulinganisha, mvua nzuri itapewa sifa za dawa. Usichanganye homoni na dawa nyingine ndani ya pampu kama lebo haijaruhusu, na usirudie kipimo kwa sababu hujaona badiliko siku ya tatu.

Oksini ya kutengenezwa inayotumiwa zaidi katika kanda hii pengine ni ile isiyojulikana kuwa homoni: 2,4-D, kiuagugu cha mahindi na mpunga. Huua magugu ya majani mapana kwa kuyalazimisha yakue bila mpangilio. Nyanya, pamba, maharagwe na mizabibu huumizwa na mabaki yake madogo sana: majani machanga hujikunja kama kikombe, mishipa yake hukaribiana, shina hujipinda, na wengi hudhani ni virusi. Kabla ya kung'oa shamba, uliza jirani alipiga nini wiki hiyo na upepo ulitoka wapi, kisha angalia kama waliodhurika ni wale wa ukingoni tu. Pampu iliyobeba dawa hiyo isuuzwe mara tatu, ijazwe maji yenye amonia kidogo na kuachwa usiku mzima pamoja na bomba na pua yake, kisha isuuzwe tena mbali na kisima. Penye uwezo, nunua pampu ya pili, ile ya viuagugu uipake rangi nyekundu kwenye mpini, na isiingie kwenye nyanya.